Kwa Mama Nasra, kuhusu kamusi ya Kithai

Silom, Bangkok

Mama Nasra, shoga yangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na ile habari ya harusi ambayo tutaizungumza siku nyingine. Kuhusu safari umeniuliza jambo moja: uweke kamusi gani ya Kithai kwenye simu. Kamusi nzuri zipo na nitakutajia. Lakini jifunze herufi zao kwanza, hapo hapo Mombasa, kabla hujalipia chochote. Najua ulitaka nikupe jina la programu tu tumalize. Asiyejua herufi hata akiwa na kamusi ya Kithai mkononi, anachosoma mle ni Kiingereza tu.

Utasema biashara ya mawe ya thamani haitaki maneno mengi. Ni kweli, bei huku tunaandikiana kwenye kikokotoo, anafuta wewe unaandika, unafuta yeye anaandika. Lugha unaihitaji kwa kitu kingine. Utampa mnunuzi jiwe lako la kijani la Kasigau, atalishika kwa koleo, atalimulika, halafu atamgeukia mwenzake na kusema maneno mawili. Hayo mawili ndiyo ya kuyajua. Likiwemo neno tamni, ameona dosari, na bei inayofuata itatoka hapo.

Sasa nikueleze kwa nini nang'ang'ania herufi. Ukifika utakuta majina ya mitaa yameandikwa pia kwa herufi zetu: Silom, Surawong, Mahesak. Mgeni akiyaona hudhani maneno yote yatatafutika hivyo hivyo. Ule mwandiko rasmi wa serikali hauonyeshi toni, yaani sauti ipande au ishuke, wala hauonyeshi kama irabu ni ndefu au fupi. Andika khai kwenye kamusi uone. ขาย ni kuuza. ไข่ ni yai. ไข้ ni homa. ค่าย ni kambi. Yote manne kwa herufi zetu ni khai. Wewe unataka kumuuliza mtu kama jiwe analiuza, simu inakuletea mayai na homa.

Watengenezaji wa kamusi wanalijua tatizo hili, kwa hiyo kila mmoja amebuni mwandiko wake: huyu anaweka vikofia juu ya irabu, yule anaongeza herufi, mwingine anaweka namba. Ukijifunza wa huyu, kwa yule unaanza upya. Na kibaya zaidi, hakuna Mthai anayeusoma. Mwonyeshe mama wa sokoni neno lenye vikofia, atakurudishia simu huku akitabasamu. Mwonyeshe ขาย, atakujibu.

Herufi zenyewe zisikutishe. Konsonanti ni 44, na 2 kati ya hizo siku hizi hazitumiki. Kila moja ina jina la kitu, ndivyo watoto wanavyofundishwa: ก ni ko ya kuku, ข ni kho ya yai, ช ni cho ya tembo, ง ni ngo ya nyoka. Hiyo ya nyoka ni ile ile ng' ya ng'ombe na ng'ambo. Wazungu darasani hutoka jasho kuianzia neno, wewe utaitamka bila kufikiri. Kuna na jambo jingine ambalo mtu wa Mvita kama wewe atalipata kuliko sisi wa bara. Kithai kina p mbili, t mbili, k mbili, moja kavu na moja yenye pumzi. Bibi yako akisema paa la nyumba na p'aa wa porini husemi ni neno moja. Basi ป ni ya paa la nyumba, พ ni ya p'aa wa porini.

Toni ndiyo kazi, sikufichi. Ziko 5: ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Konsonanti zimegawanywa makundi matatu, na kundi la herufi, urefu wa irabu, jinsi silabi inavyoishia, pamoja na zile alama 4 zinazowekwa juu, ndivyo vinavyokwambia sauti iende wapi. Mwanzoni utaona kanuni hazina mwisho. Lakini ukizishika, neno lolote ulionalo ukutani unajua linaimbwaje hata kama hujui maana yake, na hapo ndipo kamusi inapoanza kukutumikia, kwa sababu unaweza kuandika ulichokiona au ulichokisikia na kukipata. Kibodi ya Kithai iko kwenye mipangilio ya simu, haina malipo. Iweke leo.

Kisha masikio. Tafuta kamusi yenye sauti ya mtu aliyerekodiwa, siyo mashine inayounganisha vipande. Anza na rangi ya mali yako. Kijani ni เขียว, khiao ya kupanda. Ukiishusha imekuwa เขี้ยว, chonge. Ukiisema ya kati umesema เคียว, mundu. Ya juu ni เคี้ยว, kutafuna. Bonyeza moja, funga macho, rudia kwa sauti, kisha bonyeza nyingine. Nasra akikucheka mwache acheke, yeye atajua kabla yako.

Nikiwa hapo hapo kwenye toni, chukua hili na ulitunze. Wafanyabiashara wengi wa mawe huku ni Wathai wenye asili ya Kichina, na mwanamume mkubwa kidogo kwako katika watu hao huitwa เฮีย, hia, kwa sauti ya kati, maana yake kaka. Ni heshima na wanaipenda. Sasa ukiishusha ile sauti imekuwa เหี้ย, na huyo ni kenge. Kwetu ukimwita mtu kenge mnaweza kugombana kisha mkanywa chai. Huku ni tusi zito mno, la kuvunja dili na urafiki. Kamusi nyingine itakuandikia tu kwamba ni mnyama jamii ya mjusi, ikanyamaza. Kwa hiyo mpaka sauti yako itulie, waite wote phi, yaani mkubwa wangu, mwanamume kwa mwanamke. Mdogo kwako ni nong. Sisi tuliozoea kaka, dada, shangazi na mjomba hata kwa tusiowajua hatupati shida na adabu hiyo, na mwisho wa sentensi unaongeza kha, kwa kuwa wewe ni mwanamke. Wanaume husema khrap.

Ndiyo maana katika kamusi usiangalie maana tu, angalia vile vifupisho vidogo pembeni ambavyo watu huvipita. Tafuta "kula" kwa Kiingereza utaletewa maneno matano. Kin ni la kila siku. Than ni la adabu. Rap prathan ni la kwenye hotuba na mabango ya hoteli. Chan ni la watawa wa Kibudha, na sawoei ni la wafalme. Kamusi nzuri inakuonyesha lipi la nani. Kamusi mbovu inakupangia yote matano kama mapacha, ukachagua lililokupendeza, ukajikuta unamtangazia muuza tambi kwamba una njaa ya kifalme.

Kifupisho kingine usikiache ni kile cha neno la kuhesabia. Huku huwezi kusema mawe matatu ukaishia hapo. Unasema phloi sam met: mawe, tatu, punje. Met ni ya mawe ya thamani, vidonge na mbegu. Watu wana khon, vitabu na visu vina lem, magari, miavuli na hata vijiko vina khan. Tembo wa kufugwa ana neno lake na tembo wa porini lake. Wenzangu wa Ulaya hulalamika sana juu ya jambo hili, wanauliza kwa nini kisu kiwe pamoja na kitabu. Mimi huwajibu kwamba kwetu kisu kimekaa na kitabu tangu zamani, ki-vi, na hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo kila nomino unayoihifadhi, hifadhi na neno lake la kuhesabia, kama ambavyo mgeni anayejifunza Kiswahili inampasa ajue ngeli.

Kamusi yetu ya Kithai na Kiswahili bado sijaiona kwenye simu, kwa hiyo tunapitia Kiingereza, na njia hiyo ina kona zisizo za lazima. Utakuta khao plueak, khao san na khao suai. Kiingereza cha kila siku kina neno moja la mchele, kwa hiyo kamusi inazunguka: usiokobolewa, usiopikwa, uliopikwa. Wewe andika mpunga, mchele, wali, umemaliza. Au เผา, phao. Kamusi itakwambia kuteketeza kwa moto, hata kuchoma maiti, na mtu akikuuliza kama jiwe lako ni phao utashtuka. Ni kuchoma tu, kulipasha jiwe moto ili rangi yake ipendeze, kule kule ambako watu wa tanzanite wa Mererani wanakujua. Kwako jibu ni rahisi na lina faida, maana kijani chako hakichomwi: mai phao. Basi chukua kaunta buku, chora safu tatu, Kithai kwa herufi zao, sauti kwa alama zako, na Kiswahili. Safu ya Kiingereza usiiweke kabisa. Programu nyingi zina sehemu ya kuhifadhi maneno uliyotafuta, kila usiku uyahamishie kwenye daftari yale yaliyokutokea mchana, mengine yaache yapite.

Haya, majina. Ya kulipia ninayoitumia mimi ni ile ya Paiboon na Word in the Hand: ina sauti za watu waliorekodiwa, inatafuta hata kwa jinsi neno linavyosikika, na inafanya kazi bila intaneti, jambo utakalolishukuru bando likikuishia. Ya bure ni Longdo, ya Wathai wenyewe. Imetengenezwa kwa ajili ya Mthai anayesoma Kiingereza, hivyo haitakushika mkono kwenye toni, lakini ina mifano mingi ya matumizi. Humo utakutana pia na maneno ya LEXiTRON, kamusi ya NECTEC, kituo cha serikali cha elektroniki na kompyuta. Ukipenda historia, waulize Wathai juu ya So Sethaputra, aliyefungwa baada ya uasi wa 1933 akaandika kamusi ya Kiingereza na Kithai akiwa kifungoni, karatasi zikitolewa kwa siri. Jina lake bado liko kwenye majalada ya kamusi madukani.

Programu za kutafsiri sentensi nzima, zile za kusemea simu ikasema, ziwe za hospitali na uwanja wa ndege. Kwenye meza ya mawe zinakuharibia. Kithai hakiachi nafasi kati ya neno na neno, na mashine ikikata pabaya sentensi inageuka: ตากลม ukiikata hapa ni macho ya mviringo, ukiikata pale ni kupunga upepo. Mtu anayesoma huona kwa muktadha. Hata zile za kupiga picha mabango zinababaika, maana mabango ya kisasa yameondoa vile vikichwa vya duara kwenye herufi na kuzifanya zifanane na zetu. Usijifunzie kwenye mabango. Jifunzie kwenye vitabu vya watoto, herufi zina vichwa vyake vyote.

Ukitua, Ijumaa yake tutakwenda mji wa Chanthaburi. Basi linaondokea stendi ya Ekkamai, ni kama kilomita 245, na soko la mawe ni Ijumaa hadi Jumapili. Pale wanunuzi ndio wanaokaa mezani, wewe mwenye mali unazunguka na pakiti zako. Waafrika utawakuta, wengi wa Afrika Magharibi, na Kithai chao kinatuaibisha sote. Nyaraka za mzigo wako zote ziwe tayari tangu huko, leseni na kibali cha kusafirisha nje, na unitumie nakala nizipitie kabla hujakata tiketi. Tarehe ukiipata niambie, ili niweke chumba karibu na Mahesak, na Mama yako umwambie zile kashata nazingoja.

Shemeji msalimie, na Nasra.

Shoga yako