Rada za hali ya hewa zitumike kuwasaka kweleakwelea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kweleakwelea, ndege wadogo wanaokula nafaka mashambani. Kila wanapovamia mtama, uwele na mpunga, tunasoma habari za hasara na za ndege iliyotumwa kunyunyiza sumu, lakini ni nadra kuuliza makundi hayo yalilala wapi jana na kesho yataelekea wapi. Swali hilo sayansi ya kompyuta imekwisha kuanza kulijibu kwa ndege wa nchi nyingine.

Huko Marekani, mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst na wenzao wa Cornell walitoa programu iitwayo MistNet, inayopitia kumbukumbu za miaka mingi za rada za hali ya hewa na kutenganisha mvua na ndege wanaohama usiku. Mawimbi ya rada hurudi yakigonga matone ya mvua, na vilevile yakigonga ndege. Mbayuwayu wanapotoka malaloni alfajiri, wakiruka pande zote kwa wakati mmoja, picha ya rada huonyesha pete inayotanuka, na katikati ya pete hiyo ndipo walipolala. Kompyuta ikishafundishwa umbo hilo huweza kulitafuta katika maelfu ya picha ambazo hakuna mtu angezimaliza kwa macho.

Kweleakwelea nao hulala kwa malaki katika matete na migunga, kisha hutawanyika asubuhi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada, zikiwemo za Dar es Salaam, Mwanza na Mtwara. Ni kweli kwamba mwale wa rada hupanda kadiri unavyokwenda mbali, hivyo makundi yanayoruka chini yatapitwa. Huko vinasa sauti vingesaidia, kwa kuwa zipo programu, kama BirdNET, zinazotambua ndege kwa mlio.

Sisemi tuache kuwadhibiti. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku, kwa hiyo milioni moja humaliza tani 10. Lakini fenthioni, yaani sumu inayonyunyizwa, huua pia bundi na mwewe wanaokula mizoga, na inanitia hofu zaidi nikikumbuka kwamba huko Kondoa kwelea ni kitoweo. Malalo yakijulikana mapema na kwa usahihi, eneo la kunyunyizia litapungua.

Kompyuta haijifunzi bila mifano iliyothibitishwa, na mifano hiyo wanayo akina mama na vijana wanaoamia mashamba tangu alfajiri, ambao wanajua kundi linatokea upande gani na linarudi saa ngapi. Maafisa ugani waandike taarifa zao, pamoja na tarehe na mahali. Nayo Wizara ya Kilimo ikubaliane na Mamlaka ya Hali ya Hewa ili picha za rada zilizohifadhiwa wapewe watafiti na wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waanze na za msimu uliopita.

Msomaji wako,
Dodoma