Risala ya Umoja wa Mafundi wa Ndege kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuwakabidhi Leseni Mafundi Wapya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni yetu. Wakuu wa idara mlioko meza kuu. Marubani na wahudumu wa ndege. Mafundi wenzetu wa zamu zote, pamoja nanyi mliotoka zamu ya usiku na bado hamjalala. Mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako inavyobana, maana mwaka jana pia ilibana na tukaletewa mwakilishi. Leo umekuja mwenyewe, na furaha yetu haina kifani.

Umoja huu ulianzishwa na mafundi wachache waliokuwa wakichangiana kwenye misiba. Leo una katiba, akaunti ya benki na mhuri. Historia yetu ni ndefu, ila muda hauruhusu.

Mafanikio nayo ni mengi mno. Vijana wetu wamefaulu mitihani ya leseni, na muda si mrefu utawakabidhi. Tumenunua ubao wa matangazo ulioleta mageuzi makubwa ya mawasiliano kati ya zamu ya mchana na ya usiku. Tumefanikisha upatikanaji wa birika la umeme. Timu yetu ya mpira iliwafunga watu wa mizigo, ushindi ambao unazungumzwa hadi leo, hasa na sisi wenyewe. Na kubwa kuliko yote, hakuna ndege iliyotoka mikononi mwetu kurudi kazini bila sahihi ya fundi mwenye mamlaka ya kuiruhusu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hayo tuna changamoto. Desturi ya risala ni kutaja tano au sita, lakini uzoefu umetufundisha: tukiomba mambo sita, tunapewa birika. Safari hii tunaomba jambo moja tu. Tunaomba stoo.

Unalijua hili kuliko sisi, ila wapo wageni, hivyo utuvumilie tulieleze. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kinataka kila ndege inayofanya safari za kimataifa iwe na cheti cha kustahili kuruka, kilichotolewa au kutambuliwa na nchi ilikosajiliwa. Cheti hicho hakijitunzi chenyewe. Kinabaki na nguvu ndege ikitengenezwa kwa ratiba iliyoidhinishwa, maagizo ya lazima ya usalama yakitekelezwa ndani ya muda wake, na kila kipuri kinachofungwa kikiwa na karatasi ya kuonyesha kilikotoka na aliyethibitisha kuwa ni kizima. Kipuri kisicho na karatasi, hata king'ae vipi, hakifungwi. Nayo kampuni ikishindwa kuonyesha kwamba ndege zake zinatunzwa hivyo, mamlaka ya usafiri wa anga inaweza kusimamisha cheti chake cha uendeshaji. Hapo hakuna ndege inayobeba abiria wa kulipa, hata kama tiketi zimeshauzwa.

Sasa karatasi hizo, na vipuri vyenyewe, vinakaa wapi? Vinakaa kwenye chumba kilicho nyuma ya karakana, ambacho hapo awali kilikuwa cha kubadilishia nguo. Taa zipo tatu, inayowaka ni moja. Vipuri vizima vimetenganishwa na vibovu kwa utepe mwekundu uliobandikwa sakafuni, na utepe huo kila mvua ikinyesha unabanduka, kwa sababu maji yanapita chini ya mlango. Kanuni inataka vibovu vifungiwe mahali pao, asiweze mtu kuvichukua kwa bahati mbaya. Sisi tunavilinda kwa utepe. Oringi na sili za mpira, yaani pete na vizibo vya kuzuia uvujaji, ambazo zina tarehe ya mwisho wa matumizi na hazitaki joto, ziko kwenye rafu ya juu kabisa, chini ya bati. Mtunza stoo yupo mchana tu. Usiku, ambapo kazi nyingi ndipo hufanyika kwa kuwa ndege zimelala, ufunguo anao msimamizi wa zamu, na fundi anajitafutia mwenyewe kwa tochi ya simu.

Tusidhaniwe tunatia chumvi. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways, safari namba 5390 kutoka Birmingham kwenda Málaga, iling'okwa kioo cha mbele ikiwa kwenye futi zaidi ya 17,000. Rubani mkuu alivutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamshikilia miguu hadi msaidizi wake alipotua Southampton. Alipona. Wachunguzi walipofuatilia walikuta kioo kilikuwa kimebadilishwa usiku, saa 27 kabla ya safari, na kati ya bolti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko kipimo na 6 zilizobaki zilikuwa fupi. Fundi aliyezichagua alikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Alizilinganisha kwa macho na zile za zamani, kwenye kabati lisilo na msimamizi, katika kona yenye mwanga hafifu. Mheshimiwa, kona hiyo tunayo.

Kuna na suala la hitilafu zinazoahirishwa. Kitabu cha MEL, yaani orodha ya vifaa ambavyo ni lazima viwe vizima ndipo ndege iruke, kinaruhusu ndege kuruka na hitilafu fulani kwa muda maalumu: za kundi B siku 3, za kundi C siku 10, za kundi D siku 120. Muda ukiisha bila kutengeneza, ndege inakaa chini. Imetokea kipuri kikaagizwa kwa haraka na kwa gharama kubwa, na baada ya kufika kikaonekana kingine kama hicho ndani ya stoo, nyuma ya matairi. Wenzetu wa uhasibu watakumbuka, walitusema sana.

Halafu spana za kupimia mkazo, zile za kukaza bolti kwa nguvu iliyowekwa, isizidi wala isipungue. Zinatakiwa kupimwa usahihi wake kwa vipindi vilivyowekwa. Zikipelekwa kupimwa inabaki moja, ambayo zamu zinapokezana kama kijiti cha mbio. Fundi anayeisubiri ana ndege inayotakiwa alfajiri, na simu ya mpangaji wa safari haiachi kuita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Liliposomwa kwa mara ya kwanza tuliambiwa limepokelewa. Mgeni rasmi aliyefuata akasema linafanyiwa kazi. Wa baada yake, ambaye tunaendelea kumheshimu, alituwekea jiwe la msingi, akapigwa picha, tukala vizuri sana siku ile. Jiwe lipo. Kinachokosekana ni msingi.

Tumetiwa moyo wa kurudi tena na kitu kimoja. Kwenye mwongozo wa shirika letu la matengenezo, ule ulioidhinishwa na mamlaka, kurasa za mwanzo kabisa zina tamko la meneja mwajibikaji kwamba shirika litafanya kazi kwa mujibu wa kanuni wakati wote. Kwa kanuni, meneja mwajibikaji ni mtu mwenye uwezo wa kuhakikisha fedha za kazi hiyo zinapatikana. Hawezi kuwa mkuu wa karakana, wala mtunza stoo. Tumeangalia sahihi iliyo chini ya tamko hilo, Mheshimiwa, na tumefurahi kwamba mwenye sahihi ndiye mgeni wetu wa leo.

Hivyo tunaomba jengo dogo lisilovuja, lenye rafu na taa za kutosha. Kizimba cha kufuli kwa vipuri vilivyokataliwa. Kipimajoto na kipima unyevu. Mtunza stoo kwa zamu ya usiku. Na seti ya pili ya spana za mkazo. Seti hiyo na mtunza stoo havihitaji kusubiri jengo. Hata wiki ijayo vingetufaa.

Ili kukurahisishia, tumeambatanisha ukurasa mmoja wenye maombi haya, na chini yake kuna mistari miwili: wa sahihi na wa tarehe ya kuanza ujenzi. Katibu wetu anayo kalamu. Tunakuomba, kwa heshima zote, usituachie maneno "hivi karibuni" kwenye mstari wa tarehe, kwa kuwa hayo tunayo tayari kwenye jalada.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.