Turbo iwe ya mwisho kununuliwa

Mhariri,

Kila yanapokaribia mashindano ya Safari Rally kule Naivasha, gereji za hapa Nakuru hujaa vijana wenye Subaru Impreza wanaotaka injini zao ziongezwe nguvu kabla ya wikendi hiyo. Sina ugomvi na mapenzi hayo, kwani mimi mwenyewe niliyapata mwaka 1997, dereva Colin McRae aliposhinda Safari kwa Impreza. Ninalolalamikia ni namna fedha zinavyopangwa: kinachosikika barabarani hununuliwa kwanza, na kinacholinda injini husubiri salio ambalo aghalabu halibaki.

Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kufanya vivyo hivyo. Gari langu la injini ya EJ20, lililotoka Japani, nililiwekea ekzosti pana, kisha fundi akapandisha presha ya turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, bila kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) wala mchanganyiko wa hewa na mafuta. Nikipanda mlima kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, nilisikia injini ikigonga kama kokoto ndani ya mkebe. Ilipofunguliwa, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imemeguka pale ringi zinapokaa, na kipande chenyewe kilitoshana na ukucha wa kidole gumba.

Magari hayo ya kutoka Japani yalipangwa kwa petroli ya huko yenye okteni (kipimo cha mafuta kustahimili mgandamizo bila kulipuka mapema) karibu 100, na super tunayojaza katika vituo vingi vya hapa haifiki huko. Tena hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, hivyo turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili itoe presha ile ile, na hewa inayoingia kwenye silinda huwa ya moto zaidi. Presha ikiongezwa juu ya hayo, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo, katika kila shilingi 100 za bajeti, ningetenga 40 kwa afya ya injini: kompresheni, rejeta, plagi, oili, na taimingi belti, ambayo ikikatika valvu hugongana na pistoni na kupinda. Ni nadra muuzaji kueleza kama belti hiyo iliwahi kubadilishwa, kwa hiyo heri kuihesabu kuwa imekwisha. Shilingi 15 ziende kwa klachi na breki, na 25 kwa pampu ya mafuta, injekta na upangaji wa kompyuta ya injini, kazi inayopaswa kufanywa na mtu mwenye kifaa cha kupima mchanganyiko, si anayebahatisha kwa sikio. Zilizobaki, 20, zisiguswe, maana injini ya zamani ikifunguliwa haikosi jambo.

Msomaji ataona kwamba turbo kubwa haimo katika hesabu hiyo. Hiyo ni bajeti ya mwaka unaofuata, iwapo injini itakuwa imeumaliza huu bila kula oili. Impreza yangu sasa ina injini nyingine, ila turbo yake bado ni ile ya kiwandani.

Msomaji wako,
Nakuru