Safari ya Chefchaouen: siku mbili, usiku mmoja

Habari za jioni wapendwa. Safari yetu ya pamoja ni ya Chefchaouen, ule mji wa buluu kwenye milima ya Rif, hapa Moroko. Treni haifiki huko. Tutapanda basi hapa Fes, mwendo wa kama saa 4, na barabara ina kona nyingi. Anayechafukwa na moyo akae mbele. Viti hujaa mapema, hivyo naomba nauli kabla ya Alhamisi nikate tiketi za kwenda na kurudi kwa pamoja.

Siku ya kwanza tuzurure tu mji wa kale: uwanja wa Outa el Hammam na ngome yake, kisha chemchemi ya Ras el Maa. Jua likikaribia kuzama tupande kilimani hadi Msikiti wa Kihispania. Kutoka pale mji mzima unauona chini yako. Hapo msikose, hata mkiwa mmechoka! Maporomoko ya maji ya Akchour tuyaache, yanataka siku nzima.

Bebeni sweta, raba za kutembelea na dirhamu taslimu. Wenyeji tusiwapige picha bila kuwaomba.

Anayekuja aandike jina hapa chini.