Chasisi ya gari la utalii ikaguliwe kabla ya kufunikwa mabati

NDUGU Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenye kampuni za utalii, hasa wanaoleta Land Cruiser zao zirefushwe katika karakana za Arusha. Wateja wengi huja kukagua gari siku ya kukabidhiwa, limeshapigwa rangi. Wanajaribu viti, wanapandisha paa, wanawasha friji. Wakati huo kazi inayobeba roho za abiria haionekani tena.

Kurefusha gari ni kukata chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, na kuunga kipande katikati. Kipande hicho kiwe na unene na umbo lile lile la chuma cha awali. Chasisi isikatwe wima. Ikatwe kwa ngazi, kiungo cha kushoto kisikabiliane na cha kulia, na kisiwepo kinachokaribia shikio la springi. Kingo zisagwe mshazari ili weldingi ipenye hadi ndani. Fimbo za kuchomelea ziwe za aina ya 7018, tena kavu. Zikiachwa wazi karakanani wakati wa masika hunyonya unyevu, unyevu huo huingiza hidrojeni kwenye chuma, na ufa hujitokeza saa kadhaa au hata siku kadhaa baadaye, wakati fundi ameshahamia kazi nyingine. Kiungo cha moto kisimwagiwe maji kamwe. Kiachwe kipoe chenyewe.

Kosa linaloleta madhara zaidi ni la bati la kuimarisha. Fundi huchomelea bati nene, ncha zake amezikata mraba, akiamini ameongeza nguvu. Lakini sehemu iliyoimarishwa haipindi tena kama chasisi nyingine, hivyo mzigo wote wa mtikisiko hukusanyika pale bati linapokoma. Gari likishapiga mawimbi ya changarawe ya njia ya Ngorongoro kwenda Serengeti msimu mzima, ufa huanzia hapo nchani, huku kiungo chenyewe kikiwa kizima. Ncha zichongwe zipungue taratibu, na weldingi isipite kukatiza ukingo wa juu au wa chini wa chasisi.

Propela nayo, yaani bomba linalozunguka kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, isirefushwe kwa kuongeza bomba tu. Bomba la kipenyo kile kile likiongezwa urefu kwa robo, mwendo ambao linaanza kuyumba hushuka kwa zaidi ya theluthi moja. Ndiyo maana dereva husikia mtetemo kwenye lami, kisha sili ya giaboksi inaanza kuvuja na krosi, yaani viungio vya propela, zinaisha mapema. Tumieni propela ya vipande viwili yenye beringi ya katikati, masikio ya krosi yakiwa kwenye mstari mmoja, kisha ipimwe balansi.

Kwenye breki kuna jambo linalosahaulika hata na mafundi wazuri. Baadhi ya magari haya yana valvu inayopima umbali kati ya ekseli ya nyuma na chasisi ili kujua mzigo. Mkiongeza springi ngumu, nyuma inainuka, valvu inasoma kwamba gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, ilhali ndani wamekaa watalii saba na mizigo yao. Valvu irekebishwe upya kila springi zinapobadilishwa.

Ombi letu kwa wateja ni hili: mkataba useme wazi kwamba malipo ya awamu ya pili yatatoka baada ya chasisi kukaguliwa ikiwa tupu, haijapakwa hata rangi ya kuzuia kutu. Njooni na dawa nyekundu ya kuonyesha nyufa. Safisha kiungo, puliza ile nyekundu, subiri dakika kumi, futa, kisha puliza dawa nyeupe inayoivuta nyekundu itoke nje. Penye ufa patatoka mstari mwekundu. Pigeni picha za kila kiungo, mzihifadhi pamoja na kadi ya gari. Na wakaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi tunawaomba wafike karakanani katika hatua hiyo hiyo, wasingoje gari lililokamilika.

Mafundi bodi,
Arusha