Mmetuhesabia hotuba za mbunge, kura zake ziko wapi?

Mhariri,

Ile orodha yenu ya wabunge wachapakazi mliyoichapa juzi, yenye picha ya mbunge wetu ameinua kidole bungeni, nimeisoma mpaka mstari wa mwisho. Kisha nikarudi kwa muuza magazeti kumuuliza kama kuna ukurasa uliodondoka, maana sikuona mlipoandika amepiga kura gani. Mmehesabu mara alizosimama kuzungumza. Mmehesabu madarasa na vyoo. Mmehesabu watoto waliopata basari, yale malipo ya karo. Mmefika hadi kutuambia kwamba hakosi mazishi ya watu wake. Kura hata moja hamkuitaja.

Nanunua gazeti lenu kila Ijumaa tangu Moi yuko madarakani na sijawahi kuwaandikia. Mlipopandisha bei nilinyamaza. Mlipobandika picha ya mji mmoja mkauita jina la mwingine nilicheka tu nikaendelea na kushona. Safari hii sikuweza.

Juni 2024 mnaikumbuka, mliuza sana. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka kutukamua ushuru wa shilingi bilioni 346 zaidi. Mwanzoni mswada wenyewe ulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwenye magari. Hayo mawili yakaondolewa Juni 18, vijana walipoanza kumiminika barabarani, na wakubwa wakadhani tumekwisha kutulizwa. Siku chache kabla ya hapo, mheshimiwa wetu alikamata maikrofoni kwenye mazishi ya mzee mmoja hapa kwetu, jeneza liko mbele yake, akamgeukia mjane na kuapa kwamba mswada ule hautapata kura yake. Watu wakapiga makofi msibani. Mimi pia nilipiga. Juni 20 ukasomwa kwa mara ya pili: 204 ndiyo, 115 la. Yeye yumo katika wale 204. Juni 25 ukasomwa kwa mara ya tatu: 195 ndiyo, 106 la, kura 3 zikaharibika. Jumlisheni wenyewe, ni 304. Bunge la Taifa lina viti 349 ukimwacha Spika. Kwa hiyo wabunge zaidi ya 40 hawakupiga kura siku ambayo watoto wa watu walikuwa wanapigwa risasi nje ya lango la Bunge, na mmoja wa hao 40 na zaidi ni huyu mchapakazi wenu. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatatia saini. Jumapili iliyofuata mbunge wetu yuko kanisani, shati jeupe, anashukuriwa kwa "kusimama na mwananchi". Alisimama wapi? Sikuwa najua haya yote wakati ule, na hapo ndipo penye kisa changu, kwa sababu nilikwenda kuuliza.

Ofisi yake ya eneo bunge iko juu ya duka la vipuri. Unapanda ngazi, unamwachia bawabu kitambulisho, unakaa kwenye benchi chini ya kalenda yenye uso wa mheshimiwa kwa miezi yote kumi na miwili. Mezani kuna madaftari mawili makubwa ya jalada gumu. Moja limeandikwa BASARI kwa kalamu nene, la pili limeandikwa MISIBA. Kijana aliyekuwa pale ana adabu, sina la kumlaumu. "Karibu mama, una shida gani?" Nikamwambia, sina shida mwanangu, nina swali. "La basari?" La. Akavuta daftari la pili, akashusha sauti: "Pole sana. Mmefiwa na nani?" Nikamwambia hatujafiwa, nataka kujua mheshimiwa alipiga kura gani Juni 20 kwenye Mswada wa Fedha. Kalamu ikasimama. Akamwita mwenzake chumba cha ndani, yule naye akaja akanitazama miguu hadi kichwa, akauliza nimetumwa na nani. Na nani! Mimi fundi cherehani, nashona sare za shule tatu za hapa, nimezaliwa hapa, kura yangu naipigia hapa. Eti nimetumwa. Mwisho akasema, "Hayo ni mambo ya Nairobi mama, sisi hapa tunashughulikia wananchi." Yule wa kwanza akaona haya, akataka kuniandika, lakini hakuwa na daftari la kuniandikia. Akanipa fomu ya basari nijaze tu, jina langu lisikose mahali. Sina mtoto wa shule, Mhariri. Wangu wote walimaliza zamani.

Baadaye wakanitumia leso. Ina sura yake katikati na maneno ya kujisifu pale panapokaa jina. Kitambaa ni kizuri, nisiwe mwongo, pamba nzito. Nimeikata vipande napangusia mafuta ya mashini.

Jibu nililipata saiba, duka la kompyuta na intaneti, kwa kijana wa jirani ambaye hakuniuliza nimetumwa na nani. Alifungua orodha ya wapiga kura, majina yote yamepangwa, huyu ndiyo, huyu la. Haikumchukua muda wa kunywa chai. Sasa kama kijana wa saiba anaweza, chumba kizima cha waandishi wenye kompyuta na mishahara kimeshindwa nini? Mlikwenda mkahesabu hotuba. Hotuba! Mtu anaweza kusimama akampongeza Spika kwa kurejea salama kutoka safari, akaandikwa kwamba amechangia. Anaweza kuusema vibaya mswada kwa dakika tano, nyumbani tukamwona kwenye simu tukamsifu, kisha akabonyeza ndiyo. Na hapo ni pale ambapo kura imehesabiwa kwa majina. Mara nyingi Spika huuliza tu nani anasema ndiyo, nani anasema la, akasikiliza zile kelele na kuamua. Wabunge 30 wasiposimama kudai kura ihesabiwe, hakuna jina linaloandikwa popote. Baadhi ya ushuru uliokuwa kwenye mswada ule wa Juni ulirudi Desemba 2024 ndani ya sheria nyingine ya kurekebisha ushuru, watu wamo kwenye matayarisho ya Krismasi. Mlituandikia nani alisema ndiyo safari hiyo? Nimepekua magazeti niliyonayo, mengi nimekwisha kukatia vielelezo vya makoti, sikuona.

Wasiniambie kwamba mheshimiwa ana shughuli nyingi nyumbani ndiyo maana Bunge linampita. Mahakama Kuu ilipoamua Septemba 2024 kwamba sheria ya hazina ya maeneo bunge, ile CDF inayolipa basari na malango ya shule, inakwenda kinyume cha Katiba, na kwamba hazina yenyewe ikome Juni 30, 2026, mlionaje? Julai 1, 2025 walijaa ukumbini kupitisha mswada wa kuichomeka hazina hiyo ndani ya Katiba. Zilihitajika kura 233, wakazipita kwa mbali. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na mazishi. Hata wetu alifika. Kwa hiyo njia ya kwenda Nairobi anaijua, na kitufe anajua kilipo.

Na tukiwa hapo kwa hazina, kuna hili la basari ambalo linanihusu kwa mkono wangu. Pesa ile ni ya ushuru, angalau asilimia 2.5 ya fungu la serikali ya kitaifa, na hazina ipo tangu mwaka 2003, lakini inagawiwa kama zaka ya tajiri. Shule zinafunguliwa Januari. Mzazi anakuja kwangu kupimisha mtoto sare, ananiambia, fundi ningoje, mheshimiwa hajatoa hundi. Nangoja. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo, kisha Machi au Aprili turubai linapigwa uwanjani, viti vya plastiki, spika za muziki, na hundi ya kadibodi isiyopita mlangoni inashikwa na watu wanane ili mpiga picha wenu apate la kupiga. Wazazi wanakaa juani tangu saa mbili, mgeni anafika saa nane. Fomu ya kuomba inataka nakala ya kitambulisho, nakala ya cheti cha kuzaliwa, barua ya shule, muhuri wa chifu, na muhuri wa chifu una bei yake ambayo haikuandikwa ukutani. Kuna mama alinilipa sare moja kwa awamu muhula mzima kwa sababu nauli za kufuatilia basari zilikula pesa ya kitambaa. Mtoto akapata shilingi elfu tatu. Na bado akaambiwa asimame aseme asante kwenye maikrofoni. Yale malango ya shule nayo! Ukuta hauna, madirisha hayana vioo, lango lipo, limepakwa rangi, lina jina lake na picha yake, mbuzi wanapita pembeni. Ninyi mkahesabu lango hilo katika miradi iliyokamilika.

Simlaumu kwa kuzika. Mtu akifiwa anataka kuonwa, na mchango wake kwenye jeneza la jirani yangu mmoja ulisaidia kweli. Lakini Ibara ya 95 ya Katiba imetaja kazi za Bunge la Taifa: kuwakilisha watu, kutunga sheria, kugawa pesa, kukagua serikali. Mazishi yana jumuiya, yana kanisa, yana msikiti, yana kamati ya mtaa. Kupiga kura bungeni ni yeye peke yake aliyetumwa na eneo zima, hakuna jirani wa kumshikia nafasi.

Najua mtaniambia kuna Ibara ya 104, kwamba wapiga kura wana haki ya kumwita mbunge arudi nyumbani kabla ya muhula kwisha. Nimeisoma. Nimesoma pia kwamba Mahakama Kuu mwaka 2017 ilizifuta sehemu za Sheria ya Uchaguzi zilizoeleza namna ya kuitumia haki hiyo, na wa kutunga nyingine ni hao hao wabunge. Tangu 2017 wamekuwa na shughuli nyingi. Pengine kuna mazishi.

Basi mimi nina pendekezo, na silitaki liende kwenye kamati. Kila Ijumaa, kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo, ambao ndio ukurasa pekee ninaojua unasomwa na kila mtu hapa kwetu kuanzia imamu hadi mwenye bodaboda, wekeni wabunge kumi. Picha ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, saizi ile ile ya marehemu. Chini ya picha: jina, eneo bunge, mswada wa mwisho uliopigiwa kura kwa majina, na neno moja kati ya matatu: NDIYO, LA, HAKUWEPO. Msiweke tabasamu, msiweke kidole. Wabunge kumi kila wiki, mwaka hauishi kabla hamjamaliza wote, mkaanza tena. Na huku mashinani wafawidhi wa mazishi wakubaliane jambo moja: kabla mheshimiwa yeyote hajapewa maikrofoni, asomewe kura zake tatu za mwisho kwa sauti, familia ikisikia. Akiona haya, aweke mchango wake kwenye bahasha aketi na waombolezaji wengine.

Mkisema nafasi hakuna, mnao ukurasa mzima wa dau za mpira wa Ulaya, kateni robo yake. Mkisema hamna orodha, ile ya Juni 20, 2024 nitawaletea mimi nakala. Saiba ya hapa ni shilingi kumi kwa karatasi.

Fundi wa sare,
Pwani