Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Suala la Tanuri na Ada

Ndugu wanachama, wazee wetu wa chama, na walimu wa idara mliotukaribisha, asalaam aleikum na Bwana asifiwe.

Kamati tendaji ya chama chetu cha wahitimu wa idara hii ilikaa kila robo ya mwaka kama katiba inavyotaka. Tuliwatembelea wagonjwa, rambirambi zilifika kwa waliofiwa, zawadi za wanafunzi bora zilitolewa, na Siku ya Wahitimu ilifana. Hayo mnayajua, picha mlizisambaza wenyewe. Niingie kwenye lile lililofanya simu yangu isipumzike.

Kwenye kundi letu la WhatsApp iliandikwa kwamba mwenyekiti kanunua jiko la milioni sabini. Tulichonunua kwa ajili ya maabara ya idara ni tanuri la umeme la kuchomea kauri linalofika nyuzi 1,700 za Selsiasi, presi ya haidroliki ya kushindilia unga, kinu cha kusagia chenye gololi za zirkonia, ambayo ni kauri ngumu, na stebilaiza ya kutuliza umeme. Pamoja na usafiri, bandari na waya mpya za fezi tatu, jumla ni shilingi milioni 71 na ushee. Michango yenu ilikuwa milioni 38, idara ikatoa milioni 20, zilizobaki zikatoka kwenye akiba ya chama, likiwemo lile fungu la chakula cha jioni na fulana. Mchanganuo uko kwa mhazini. Si kujisifu, lakini bei ya kwanza ya wakala ilikuwa juu zaidi, na ilishuka baada ya mimi mwenyewe kukaa naye mezani.

Kundi la pili la walalamikaji, hasa vijana wetu waliohitimu karibuni, walitaka fedha zinunue printa ya 3D ya kauri, mashine inayojenga kipande tabaka kwa tabaka. Nawaelewa, printa inapendeza kwenye picha. Lakini kinachotoka kwenye printa ile ni unga wa kauri ulioshikwa na gundi. Gundi lazima iunguzwe taratibu, nyuzi moja au mbili kwa dakika, ukiharakisha gesi inapasua kazi yote. Kisha kipande kinapelekwa motoni, na alumina safi, yaani kauri ya oksidi ya alumini, inataka nyuzi 1,600 hivi ndipo chembe zishikane na vitundu vizibe. Tanuri la zamani la maabara lilikuwa linaishia 1,200. Vigae vya sebuleni kwako vinaiva kwenye joto hilo, alumina haiivi. Sampuli ilikuwa inatoka kama chaki, unaikwangua kwa ukucha. Sasa printa bila tanuri ingetufanyia nini? Niliuliza swali hili mkutanoni, na walioandika maneno makali kuliko wote hawakuwepo kulijibu.

Kuhusu gololi: imeulizwa kwa nini hatukuchukua za chuma, ambazo ni rahisi. Gololi za chuma husagika nazo, unga unachafuka, na kipande kinatoka motoni na madoa. Mwanafunzi anaandika tasnifu nzima juu ya uchafu wa kinu.

Sasa chakula cha jioni. Ndiyo, fedha zake zilikwenda kwenye waya na stebilaiza, na uamuzi huo nausimamia. Vipashio vya tanuri hili, yaani vile vinavyotoa joto umeme ukipita, ni vya molibdenamu disilisaidi. Vikiwa baridi ni vyepesi kuvunjika, na umeme ukikatika ghafla tanuri likiwa limepamba moto, joto linaposhuka kwa kasi matofali ya ndani yanaweza kupasuka na kazi iliyomo ikaharibika. Stebilaiza haizuii umeme kukatika, lakini inazuia ule wa kupanda na kushuka ambao wote mnaujua majumbani. Mlitaka tule pilau halafu tuache tanuri kwenye kreti?

Mzigo ulichelewa kutoka bandarini kwa sababu ya makaratasi ya msamaha wa kodi, upande ambao si wetu. Barua zote ninazo, nakala zimo kwenye faili.

Matunda yameanza kuonekana. Wanafunzi wa mwaka wa nne wamefanyia miradi humo: wapo waliochoma kaolini ya Pugu, ule udongo mweupe wa kauri, na mmoja anafuatilia magnesaiti, jiwe lenye magnesi, ya Chambogo, Same. Hiyo ukiichoma chini ya nyuzi 1,000 inabaki inakula maji. Lazima uvuke 1,500 ndipo ifae kwa matofali ya tanuri, yale yale ambayo viwanda vyetu huagiza nje. Zamani kijana wa namna hii tungempa somo la nadharia na kumwombea heri.

Limeulizwa pia nani aliyepitisha manunuzi. Ulipitisha mkutano mkuu ulioitishwa kwa notisi, ukaahirishwa kwa kukosa akidi, ukaitishwa tena, na katiba inasema wa mara ya pili waliohudhuria wanatosha. Tulikuwa 37. Kwenye daftari tuko 212. Sioni ni vipi kamati ibebe lawama za viti vitupu.

Na hapo hapo niseme la ada. Waliolipa shilingi 50,000 za mwaka hadi Desemba ni 64. Kati ya waliohoji matumizi kwa sauti kubwa, mhazini amenionyesha majina ya wasiolipa miaka mitatu mfululizo. Sitayasoma hapa, kwa heshima. Namba ya kulipia haijabadilika.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kupata mashine ya kupima ugumu wa kauri, kuanzisha mafunzo mafupi kwa mafundi wa viwandani ili tanuri lijilipie umeme, na Mungu akijalia hata ile printa, wadau wakijitokeza. Vipashio vya akiba navyo vinahitajika, tutaangalia fungu litakavyoruhusu. Chakula cha jioni kitarudi ada zikirudi.

Naomba kuwasilisha.